WAVU WA WATU: NANI HUMWENDEA NANI?

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Ni matumaini yetu kwamba mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kalamu na daftari mbele yake. Kiongozi wa kikundi naye awe karibu na ubao, kwa maana leo tutachora.

Somo letu ni la historia. Tutasimulia jinsi ilivyozaliwa elimu moja ambayo siku hizi hufundishwa katika vyuo vikuu, mara nyingi katika mafunzo mafupi ya siku au majuma machache. Mwaka 2012, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani kilitoa mafunzo mafupi ya elimu hii kwa njia ya intaneti. Mwalimu wake alikuwa Bibi Lada Adamic, na mtu wa nchi yoyote aliweza kujiandikisha bila ada. Elimu hii huitwa uchambuzi wa mitandao ya jamii. Jina lake ni refu, lakini swali lake ni fupi: nani humwendea nani?

Huenda mtu akauliza, swali hilo latufaa nini sisi wakulima? Basi fikirini hivi. Serikali ikihesabu watu wa Kiwangwa, itapata idadi ya wanaume na wanawake, ya wazee na watoto, na ya nyumba. Hesabu hiyo yafaa sana, kwa maana bila hiyo haiwezekani kupanga shule wala zahanati. Lakini kuna mambo ambayo haiyaelezi. Mtoto akishikwa na homa usiku, mama yake atabisha hodi kwa nani? Mkulima wa mananasi akitaka kujua bei ya Dar es Salaam kabla gari la mnunuzi halijafika, atamwuliza nani? Tena, ni nani kijijini ambaye hana mlango wa kubisha, wala hakuna anayebisha mlango wake? Mtu huyo amehesabiwa na jina lake limo kitabuni. Hata hivyo siku ya shida yu peke yake.

FUNDO NA UZI

Wavuvi wa Bagamoyo wanaujua wavu. Wavu una mafundo, na una nyuzi zinazounga fundo na fundo. Ukichukua mafundo matupu ukayarundika chini, huna wavu. Ukichukua nyuzi zisizofungwa mahali, huna wavu vilevile. Samaki hushikwa kwa sababu fundo na uzi vimekutana kwa mpango.

Wataalamu wa elimu hii huwatazama watu hivyo hivyo. Kila mtu ni fundo moja. Kila uhusiano ni uzi mmoja: udugu, ujirani, kukopeshana, kufanya kazi pamoja, kushauriana. Ukichora nukta kwa kila mtu na mstari kwa kila uhusiano, umepata picha ya kijiji ambayo jicho halioni barabarani.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Watu wawili wanaweza kuwa na uzi 1 kati yao. Watu watatu, nyuzi 3. Watu wanne, nyuzi 6. Watu watano, nyuzi 10. Kanuni ni hii: zidisha idadi ya watu kwa idadi hiyohiyo iliyopunguzwa moja, kisha ugawe kwa mbili. Darasa la watu 12 laweza kuwa na nyuzi 66, kwa sababu 12 mara 11 ni 132, na nusu yake ni 66. Watu wakiongezeka kidogo, nyuzi zinazowezekana huongezeka sana. Lakini hakuna kijiji ambacho kila mtu ameungwa na kila mtu. Ndipo elimu hii inapoanzia: nyuzi zipi zipo, zipi hazipo, na kwa nini?

WAZEE WETU NA NYUZI ZA MBALI

Msidhani kwamba watu wa pwani walingoja vyuo vikuu ndipo wayajue mambo haya. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliteremka kila mwaka na pembe za ndovu, wakarudi bara na vitambaa, shanga na nyaya. Mjini walikuwako wafanyabiashara kama Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, ambao walitoa mali na kutafuta wapagazi kwa ajili ya misafara. Mtu kama huyo alikuwa fundo lenye nyuzi nyingi. Wenye mali walimjua, wasafiri walimjua, na viongozi wa misafara walimjua. Wengi kati yao hawakujuana wao kwa wao isipokuwa kwa kupitia kwake.

Lakini mpagazi naye alihitaji uzi wake. Akiugua pwani, mbali na kwao miezi mitatu ya safari, nani atamtazama? Akifa, nani atamzika? Hapo ndipo tunapouona utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani hutukana kwa mzaha na huchukua kitu bila kuombwa, na siku ya msiba ndiye anayeingia kufanya kazi ambazo wafiwa hawaziwezi kwa uchungu. Wazee husimulia kwamba utani mwingi ulikua katika njia za misafara, pale makabila yalipokutana, yakagombana, kisha yakapatana. R. E. Moreau aliandika makala juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na wengine wakamfuata. Wenyewe walikuwa wameujua zamani, na wakaufanyia kazi.

Upatu wa akina mama ni wavu. Chama cha kuzikana ni wavu. Msaragambo ni wavu. Kazi ya wataalamu ilikuwa kutafuta njia ya kuchora na kupima kitu ambacho watu wamekuwa wakikiishi siku zote.

MCHORO WA KWANZA

Mmoja wa wachoraji wa kwanza alikuwa Jacob Moreno, daktari aliyezaliwa Romania, akasoma Vienna, akahamia Marekani mwaka 1925. Katika jimbo la New York, mahali paitwapo Hudson, palikuwa na shule ya serikali ya wasichana waliopelekwa huko kurekebishwa tabia. Mwaka 1932, kwa muda wa majuma mawili tu, wasichana 14 walitoroka. Hilo halikuwa jambo la kawaida pale.

Mtu angesema kwamba hao 14 ndio waliokuwa wakaidi kuliko wenzao. Moreno alitafuta kwingine. Alikwisha kuwauliza wasichana swali jepesi: ungependa kukaa nyumba moja na nani, na nani usingependa? Akachora nukta na mistari. Katika mchoro wake aliona kwamba wengi wa watoro waliunganika, huyu na yule, yule na mwingine, hata kama hawakulala nyumba moja. Wazo la kutoroka lilipita katika nyuzi hizo kama moto upitavyo katika nyasi kavu. Mwaka 1934 alitoa kitabu chenye michoro hiyo, na watu wengi huhesabu kwamba elimu hii ilianzia hapo.

Angalieni ubishi uliomo. Sisi wanadamu tukitaka kueleza tendo la mtu, upesi twasema juu ya tabia yake: huyu mvivu, yule mkorofi. Moreno alisema, tazama kwanza mahali anaposimama katika wavu.

ELIMU YAKUA AFRIKA

Sasa tuje bara letu, kwa sababu sehemu kubwa ya historia hii ilifanyika karibu na sisi kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1937 ilianzishwa taasisi ya uchunguzi huko Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu tarehe 24 Oktoba 1964 huitwa Zambia. Iliitwa Taasisi ya Rhodes-Livingstone. Wachunguzi wake waliona jambo lililowasumbua. Vitabu vyao vilifundisha juu ya kabila na ukoo na mtawala wa jadi. Lakini katika miji ya migodi ya shaba walikuta watu wa makabila mengi wakiishi mlango kwa mlango, wakifanya kazi pamoja, wakinywa pamoja, wakigombana na kupatana. Mtu huyu hakuacha kabila lake, lakini kabila peke yake halikueleza maisha yake ya mjini. Wangewaelezaje watu hao?

Mmoja wao, John Barnes, alikuwa amefanya uchunguzi kwa Wangoni wa huko, ndugu za Wangoni wa Songea. Baadaye alikwenda Bremnes, parokia ya kisiwani yenye wavuvi katika nchi ya Norwei. Aliona wenyeji wana mipango ya aina mbili iliyo wazi: mipango ya makao, yaani nyumba na mitaa na kijiji, na mipango ya kazi, yaani mashua na mabaharia wake. Kisha aliona jambo la tatu lisilo na mipaka wala mkubwa wake: ndugu, marafiki na watu wa kujuana. Mwaka 1954 alilieleza jambo hilo kuwa ni wavu. Watu walikuwa wamelitumia neno hilo kama mfano tu. Barnes alilifanya kuwa chombo cha kazi.

Mwaka 1957 Elizabeth Bott alitoa kitabu juu ya jamaa 20 za London. Aliona kwamba mume na mke ambao rafiki zao wanajuana sana wao kwa wao, hugawana kazi kwa ukali: hii ya mume, hii ya mke. Wale ambao rafiki zao wametawanyika wala hawajuani, hufanya mambo mengi pamoja. Akina mama wa pwani, ambao wana mashoga zao, ngoma zao na makungwi wao, wanaweza kulijadili jambo hili vizuri kuliko wengi.

Na katika mji wa Ndola, A. L. Epstein alimwomba msaidizi wake aandike kila mtu aliyekutana naye katika siku chache: nani, wapi, walisalimianaje, walizungumza nini. Kwa orodha hiyo alionyesha kwamba mtu ana wavu wa karibu, wa wale anaoonana nao sana na ambao nao wanajuana, na wavu mpana, wa wale anaokutana nao kwa nadra. Mwaka 1969 Clyde Mitchell alikusanya kazi za wenzake katika kitabu kimoja juu ya mitandao ya watu katika miji ya Afrika. Kitabu hicho kilisomwa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo kikuu cha mbali akijifunza leo mambo haya, anajifunza pia kutoka kwa wachimba shaba na washona nguo wa Zambia.

MGOMO ULIOSHINDWA NA MGOMO ULIOFAULU

Hebu tuwatazame hao washona nguo. Katikati ya miaka ya 1960 Bruce Kapferer alichunguza kiwanda kidogo cha nguo katika mji wa Kabwe, ambao zamani uliitwa Broken Hill. Mwenye kiwanda alikuwa na asili ya Kihindi. Kapferer aliandika habari za wafanyakazi 39. Walikuwamo mafundi cherehani, na walikuwamo wafanyakazi wa kazi ndogo kama kupiga pasi na kutia vifungo. Aliandika nani huzungumza na nani, nani humsaidia nani, nani humkopesha nani.

Mafundi walitaka nyongeza ya mshahara. Wakajaribu kugoma, mgomo ukavunjika, kwa sababu wafanyakazi wa kazi ndogo hawakuwafuata. Ilipita kama miezi saba. Kapferer akaandika tena orodha zake, na akaona nyuzi zimeongezeka, hasa kati ya mafundi na wale wengine. Wakagoma tena. Safari hii walisimama pamoja, wakafaulu.

Mshahara mdogo ulikuwako mara zote mbili, na hasira zilikuwako mara zote mbili. Kilichobadilika ni nyuzi. Kama yupo kati yetu mwenye nia ya kuanzisha ushirika wa kuuza mananasi, na akalitegemea tangazo peke yake, na aikumbuke habari hii. Kwanza atazame kama wenye mashamba makubwa na wenye vishamba vidogo wanatembeleana, wanakopeshana, wanazikana. Pasipo nyuzi hizo, mkutano utajaa siku ya kwanza na kupungua siku ya tatu.

FIMBO YA MBALI

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli. Nyoka akiingia nyumbani, jirani ndiye wa kuitwa. Lakini je, habari mpya hutoka kwa jirani?

Mwaka 1973 Mark Granovetter wa Marekani alitoa makala iliyopata sifa kubwa. Aliwauliza watu wa Newton, mji ulio karibu na Boston, walipataje kazi zao. Kati ya wale walioambiwa habari ya kazi na mtu wanayemjua, ni kama 17 tu katika kila 100 waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki waliambiwa na watu wanaokutana nao mara moja moja, au kwa nadra sana. Sababu yake ni nyepesi. Rafiki yako wa karibu anajua yale unayoyajua wewe, kwa kuwa mnaketi baraza moja. Mtu wa kujuana tu anaketi baraza nyingine, na huko kuna habari nyingine. Uzi wake ni mwembamba, lakini ni daraja.

Kiwangwa ipo katika barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, na mananasi yake yanajulikana. Mkulima anayemjua mnunuzi mmoja tu hana njia ya kupima neno la mnunuzi huyo. Akiambiwa bei imeshuka, atakubali. Jirani zake nao wakimtegemea mnunuzi huyohuyo, hata wakikaa usiku kucha wakishauriana, watazunguka neno lilelile moja. Mpwa aliye sokoni Dar es Salaam, au mtu mliyefahamiana safarini, aweza kuwa na thamani ya magunia mengi ya mbolea. Basi methali yetu inasimama: kwa nyoka, fimbo ya karibu. Kwa habari ya soko, uzi wa mbali.

Redio nayo yatufundisha jambo hili. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio, kusoma pamoja na kujadiliana, kisha wakafanya kazi kama kuchimba vyoo. Mtu mmoja akisikia redio peke yake, amesikia. Kumi wakisikia pamoja na kubishana, neno limepata nyuzi za kupitia.

KIJIJI CHA NYAKATOKE

Sasa twende upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, katika Mkoa wa Kagera. Huko kuna kijiji cha Wahaya kiitwacho Nyakatoke, penye migomba na kahawa. Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt na wasaidizi wake walifanya huko kazi ambayo ni wachache waliowahi kuifanya. Hawakuchagua watu baadhi tu. Walikwenda nyumba zote 119, wakawauliza watu wazima wote: ni nani unayeweza kumtegemea kwa msaada wa fedha, wa vitu au wa kazi, na ni nani anayekutegemea wewe?

Fanyeni hesabu: nyumba 119 zaweza kuwa na nyuzi 7,021 kati yao. Nyuzi zilizokuwapo kweli zilikuwa sehemu ndogo tu ya hizo. Zilifuata njia gani? Zilifuata udugu na ukoo, ujirani wa nyumba, dini, na kuwa na rafiki wa pamoja. Zilifuata mali pia.

Uchunguzi huo ulionyesha mambo mema. Nyumba ilipoingiwa na ugonjwa, chakula hakikukatika kwa urahisi, kwa sababu kijiji kilibeba. Vyama vya kuzikana vilifanya kazi yake. Lakini ulionyesha jambo zito vilevile: maskini walikuwa na nyuzi chache kuliko wenye uwezo. Maana yake ni kwamba anayehitaji sana kushikwa mkono ndiye mwenye mikono michache ya kumshika. Twapenda kusema kwamba kijijini hakuna anayelala na njaa, kwa kuwa wote ni ndugu. Nyakatoke yatuonya tusiseme hivyo kabla ya kuuliza nyumba kwa nyumba.

Tena majibu mengi hayakulingana. Huyu alimtaja yule kuwa tegemeo lake, na yule hakumtaja. Pengine alisahau, pengine hakujua kwamba anategemewa. Kila mtu hapa ajiulize moyoni: wale ninaowategemea, wangenitaja?

Wapo Watanzania wengine waliosaidia elimu hii. Karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao wamedumu na maisha ya kuwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 Coren Apicella na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wazima 205 katika kambi 17. Kila mtu alipewa vijiti vya asali awagawie wenzake apendao, na aliulizwa angependa kukaa kambi moja na nani. Ilionekana kwamba wakarimu huungana na wakarimu, na kwamba wavu wao unafanana kwa mengi na nyavu za watu wa mijini. Kwa hiyo jambo hili halikuletwa na simu wala na magari.

Simu, hata hivyo, imerefusha nyuzi. Kutuma fedha kwa M-Pesa kulianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Wachumi William Jack na Tavneet Suri walionyesha mwaka 2014 kwamba nchini Kenya jamaa wasioitumia, wakipatwa na msiba au hasara, walipunguza matumizi yao kwa asilimia 7 hivi. Wale walioitumia hawakupunguza, kwa maana msaada uliwafikia, tena kutoka kwa watu wa aina nyingi zaidi.

MCHORO NA MADARAKA

Kabla hatujaingia katika zoezi, kuna jambo la kuangaliwa kwa makini.

Wenye madaraka nao wamependa siku zote kuchora watu. Serikali za kikoloni ziliandika nyumba ili kutoza kodi. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka balozi kwa kila nyumba kumi, ili neno la juu lishuke na neno la chini lipande. Katika Operesheni Vijiji, hasa kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijiji vipya. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na katika ramani zilipendeza. Lakini ramani haikuonyesha nani alikuwa akimwendea nani kule walikotoka. Palipo na jamaa waliotenganishwa na watu wao wa kusaidiana, walilazimika kusuka nyuzi upya, na kusuka huchukua miaka.

Kwa upande mwingine, mchoro wa nyuzi wenyewe ni silaha. Anayejua nani humkopesha nani, nani hulala kwa nani, nani humpa nani siri, aweza kuwasaidia watu, na aweza kuwadhuru. Leo kampuni za simu zina orodha ndefu za nani humpigia nani. Kwa sababu hiyo katika vyuo vikuu hufundishwa kwamba mchunguzi aombe ruhusa kwanza, afiche majina, wala asimlazimishe mtu kujibu. Nasi tutaishika kanuni hiyo.

ZOEZI

Kiongozi wa kikundi, mpe kila mwanafunzi namba badala ya jina. Kila mmoja aandike katika kikaratasi, kwa siri, namba za wenzake watatu darasani ambao angewaendea kama asingeelewa somo. Asiandike deni, ugomvi wala mambo ya nyumbani. Kusanya vikaratasi. Chora nukta kwa kila namba, na mshale kutoka kwa anayeuliza kwenda kwa anayeulizwa. Kisha mtazame pamoja na kujibu maswali haya.

1. Ni namba ipi iliyopata mishale mingi? Kama mwanafunzi huyo akihama, darasa litapungukiwa na nini?

2. Je, ipo namba isiyopata mshale hata mmoja? Msiitafute ni ya nani. Jadilini darasa lifanye nini ili kila mtu apate wa kumwendea.

3. Je, darasa limegawanyika makundi mawili au matatu? Ni nani aliye daraja kati yao?

4. Katika kijiji chenu, habari ya bei ya mananasi huingia kwa njia ngapi? Mnaweza kuongeza njia moja kabla ya mavuno yajayo?

5. Chama chenu cha kuzikana kinawaacha nje watu gani: wageni, wajane, wasioweza kulipa mchango? Nini kifanyike?

Andikeni majibu yenu kwa sentensi fupi, kila mtu kwa mkono wake. Swali la tano lisijibiwe kwa haraka. Likihitaji juma zima, mlipe juma zima, na mwakilishi wenu alipeleke katika mkutano wa chama.